SAMAKI BESI WA ZIWA NAIVASHA: JINSI YA KUMVUA NA WAKATI WA KUMWACHA

Katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, Naivasha ni mojawapo ya yale machache yenye maji matamu. Ziwa hilo liko kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, nalo hupata maji yake hasa kutoka mito ya Malewa na Gilgil. Ajabu yake ni kwamba hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, na kwa sababu hiyo chumvi haikusanyiki ziwani kama ilivyo katika maziwa ya jirani.

Samaki wanaovuliwa Naivasha si wenyeji wa ziwa hilo. Mwenyeji wa pekee aliyejulikana alikuwa samaki mdogo sana, naye hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Perege wa kwanza waliletwa mwaka 1925. Mwaka 1929 akaletwa samaki mwingine ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, yaani besi mwenye mdomo mpana. Aliletwa ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa mshipi, lakini alizaana sana, na mwaka 1959 uvuvi wa biashara kwa nyavu ulipofunguliwa, besi alikuwa miongoni mwa samaki waliowapatia watu riziki.

Besi hajulikani vema na watu wengi. Wengine humwona kuwa samaki mgumu kumnasa, na kumbe sivyo. Mwenye kuzijua tabia zake humpata kwa vyombo vichache na vya bei nafuu. Tena ujuzi huohuo humfundisha mvuvi ni wakati gani yampasa kumwacha, na jambo hili la pili lina faida kubwa kuliko la kwanza.

Sura na tabia zake

Besi ana mgongo wa rangi ya kijani kilichoiva, tumbo jeupe, na mstari mweusi ubavuni toka kichwani hata mkiani. Mdomo wake ni mkubwa mno, hata taya lake hufika nyuma ya jicho. Pezi la mgongoni lina miiba mbele, basi asiyeangalia huchomwa mkono.

Samaki huyu ni mwindaji wa kuvizia. Hazunguki ziwani akifuata chakula mchana kutwa, bali hujificha kando ya mafunjo, chini ya majani yanayoelea, au penye gogo lililozama, akingoja. Kitu kidogo kikipita karibu, hutoka ghafula, hufungua mdomo, na kukivuta ndani pamoja na maji. Hula samaki wadogo, vyura, wadudu, na kamba wekundu wa maji matamu. Kamba hao waliletwa Naivasha mwaka 1970, wakawa chakula kikubwa cha besi waliokomaa.

Mambo mawili yafaa yakumbukwe hapa. La kwanza, besi hutumia sana macho yake awindapo. La pili, hupenda kivuli na maficho. Mafundisho yote yanayofuata hutoka katika mambo haya mawili.

Vyombo vya kuvulia

Ufito wa urefu wa mita mbili hivi watosha. Uwe na ncha inayopindika, lakini shina lake liwe imara. Penye ufito pafungwe kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ili mvuvi aweze kutupa mbali na kuvuta upesi. Mshipi uwe na nguvu ya kuvuta kilo tano au zaidi, maana besi akishanaswa hukimbilia mafunjoni, na mshipi mwembamba hukatika kwenye mashina.

Ndoana ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayoamua kazi yote. Mvuvi na aijaribu kabla ya kutupa, kwa kuivuta polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, ni butu, na yapasa inolewe kwa tupa ndogo au jiwe laini. Ikikwama katika ukucha, ni kali na yafaa kwa kazi.

Samaki wengi hupotea kwa sababu ya fundo baya. Fundo jema ni hili: mshipi hupitishwa katika tundu la ndoana, kisha ncha yake huzungushwa mara tano juu ya mshipi wenyewe. Halafu ncha hurudishwa na kupenyezwa katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Kabla ya kulikaza, fundo huloweshwa kwa maji au kwa mate. Fundo likikazwa kavu huunguza mshipi kwa msuguano, nao hukatika pale pale siku samaki mkubwa ajapo.

Chambo

Besi hukubali chambo hai kama vile nyungunyungu wakubwa na kamba. Lakini kwa kuwa huwinda kwa macho, hudanganyika pia kwa chambo cha bandia: samaki wa mti aliyepakwa rangi, mnyoo wa mpira, au kipande cha bati kinachong'aa na kuyumba majini kama samaki mgonjwa.

Kipande hicho cha bati huitwa kijiko, na jina hilo lina sababu. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Julio T. Buel, alipokuwa kijana aliangusha kijiko cha kulia chakula ziwani, akaona samaki mkubwa akikirukia kilipokuwa kikizama. Akaenda akakata mpini wa kijiko kingine, akakifunga ndoana. Mwaka 1852 alipata hati ya serikali ya kuilinda kazi yake hiyo. Hata leo mtu aweza kufanya vivyo hivyo. Mpini wa kijiko kikuukuu hukatwa kwa msumeno wa chuma, matundu mawili hutobolewa, moja kila upande, mshipi hufungwa mbele na ndoana nyuma. Kazi hiyo haipiti nusu saa.

Onyo moja lapasa kutolewa. Si halali kuchukua samaki hai katika ziwa au bwawa moja na kuwamwaga katika jingine, hata kama nia ni kuwafanya chambo. Samaki mgeni aweza kugeuza maisha ya ziwa zima, kama itakavyoonekana mbele.

Kutupa na kuvuta

Saa zilizo bora ni alfajiri na jioni, ambapo besi hukaribia ukingo kuwinda. Jua likiwa kali hurudi kivulini au penye kina kirefu. Katika miaka iliyopita, hasa 2019 na 2020, maji ya Naivasha yalipanda sana, yakafunika ua za mashamba na migunga iliyokuwa ukingoni. Mahali pa namna hiyo, penye miti na nguzo zilizozama, ndipo besi apendapo kujificha.

Watu wawili waweza kwenda na mtumbwi mmoja, kwa chambo cha namna moja, na mmoja akarudi mikono mitupu. Yule asiyepata hutupa chambo juu ya kichwa cha samaki, hugonga kasia kwenye mtumbwi, na huvuta mbio mbio. Yule apataye hukaa kimya. Hutupa chambo mbele ya maficho, hatua moja au mbili kupita pale anapomdhania samaki. Hungoja mpaka viwimbi vitulie. Kisha huvuta kidogo, huacha, huvuta tena. Mara nyingi besi hukamata wakati chambo kimesimama, maana kitu kilichosimama humwonekea kuwa kimechoka na ni rahisi kukipata.

Akishakamata, mvuvi huinua ufito kwa nguvu mara moja ili ndoana ishike. Besi huruka juu ya maji na kutikisa kichwa, akijaribu kuitema. Hapo ufito na ushushwe chini, mshipi ukazwe, wala usilegee hata kidogo. Anyehangaika kumvuta kwa pupa humpasua mdomo na kumkosa, bali aliye mtulivu humchosha kwanza.

Akifika kando ya mtumbwi, hakuna haja ya kumshika tumboni. Meno ya besi ni madogo mfano wa msasa, hayakati. Mvuvi hutia kidole gumba mdomoni, akaushika mdomo wa chini, na samaki hutulia. Akiwa mkubwa, mkono wa pili humwegemeza tumbo ili taya lisivunjike. Ukubwa wake huweza kuwa wa ajabu: yule aliyevuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932 alikuwa na uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo, na mwaka 2009 Manabu Kurita alimvua mwingine aliyelingana naye katika ziwa Biwa, nchini Japani.

Hatari ya viboko

Saa zile zile zinazompendeza besi ndizo saa za kiboko kutoka majini kwenda malishoni na kurudi. Mvuvi asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala asipite katika njia zao ndani ya mafunjo. Asiingie majini kwa miguu ili kufikia mahali pazuri. Mwenye mtumbwi akiona mapovu au vichwa mbele yake, na azunguke mbali. Samaki mmoja hana thamani ya uhai wa mtu.

Wakati wa kumwacha

Besi dume ni baba mwenye bidii. Wakati wa kuzaa ukifika, hufagia chini ya maji kwa mkia wake mpaka afanye shimo la mviringo, mahali pasipo na kina kirefu. Jike hutaga maelfu ya mayai humo, kisha huenda zake. Dume hubaki peke yake. Huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasifunikwe na matope, na hufukuza kila kitu kinachokaribia. Siku chache baadaye mayai huanguliwa, naye huendelea kuwalinda watoto, wanaoonekana kama wingu dogo jeusi, mpaka waweze kujitafutia.

Katika siku hizo dume ni rahisi sana kumvua. Hurukia chambo chochote kipitacho juu ya shimo lake, si kwa njaa, bali kwa kuwatetea wanawe. Mtu asiyejua hufurahi kwa kumpata upesi hivyo. Lakini dume akiondolewa, samaki wadogo huvamia shimo mara moja na kula mayai. Hata akirudishwa baada ya dakika chache aweza kukuta hasara tayari. Hivyo mtu amechukua samaki mmoja, na pamoja naye kizazi chote cha shimo lile.

Kwa hiyo mvuvi aonaye mashimo meupe ya mviringo karibu na ukingo, na samaki mmoja akizunguka juu yake bila kukimbia, na apeleke chambo chake mahali pengine. Vivyo hivyo besi mdogo asiyekomaa na arudishwe majini kwa mikono iliyoloweshwa, maana mkono mkavu hubandua ute unaofunika magamba yake, naye akaugua.

Nyavu zenye macho madogo hufanya madhara ya namna iyo hiyo kwa wingi zaidi. Hukamata watoto ambao hawajapata kuzaa hata mara moja. Leseni na vipimo vya nyavu havikuwekwa ili kumsumbua mtu, bali ili mwakani awepo samaki wa kuvuliwa. Asiyezijua sheria na aulize katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye kabla ya kutia chombo majini.

Maji ya matope ni adui

Liko jambo la mwisho, nalo lawahusu hata wasiovua. Mwaka 2001 samaki mwingine mgeni, kapu, alionekana katika Naivasha bila kupandwa humo kwa kusudi. Kwa muda wa miaka kumi tu alikuwa sehemu kubwa ya samaki wote waliovuliwa, na besi akawa wachache. Kapu amewapa watu chakula kingi, na hilo ni jema. Lakini hula kwa kuchimbua chini, na hivyo huyavuruga matope. Juu ya hayo, mvua huleta udongo kutoka mashamba ya milimani yanayolimwa bila matuta. Maji yakiwa meusi, mwindaji anayetegemea macho hushindwa kupata chakula, na udongo huyafunika mayai yake.

Mafunjo ya ukingoni ndiyo chujio la ziwa. Huzuia udongo usiingie, na hapo hapo huwapa samaki wachanga maficho. Basi mkulima wa Kinangop anayefanya matuta shambani mwake, na mwenye shamba la ukingoni asiyekata mafunjo, wote wawili wanamsaidia mvuvi ingawa hawajapata kushika ndoana.

Riziki ya ziwa haitoki katika ukali wa ndoana peke yake. Hutoka katika maji yaonekanayo chini, katika ukingo wenye mafunjo, na katika dume mmoja aliyeachwa alinde shimo lake mpaka watoto wake wapate nguvu.