Mkojo Ukikutoka Unapokohoa: Tiba na Upasuaji kwa Akina Mama

Mama anakohoa, anacheka, au anajitwisha ndoo ya maji, na mkojo unamtoka. Si mwingi, lakini unatosha kulowesha nguo. Anabadilisha kanga, anaendelea na kazi, na hamwambii mtu, hata mumewe. Wako wanaoacha kwenda ibadani. Wako wanaokunywa maji kidogo kutwa nzima, juani shambani, wakiogopa aibu. Kijitabu hiki ni cha kaya za Kapalamsenga na vijiji vya jirani hadi Karema na Ikola, na tunaomba mama na baba wakisome pamoja. Hali hii ni ugonjwa unaojulikana, na unatibika.

Ni uvujaji gani?

Kibofu na njia ya mkojo vimeshikiliwa kwa chini na misuli ya nyonga. Kuzaa, hasa kwa uchungu wa muda mrefu, huilegeza misuli hiyo. Kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku, unene, mizigo mizito na kukoma hedhi huongeza tatizo. Tumbo likikaza ghafla, njia ya mkojo inashindwa kujibana, na mkojo unaponyoka. Mama akitulia, mkojo nao unatulia.

Fistula ni jambo jingine. Hapo mkojo huchuruzika usiku na mchana, hata mama akiwa amelala. Chanzo chake kikubwa ni uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto hukandamiza uke na kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, damu haifiki, nyama hufa na tundu hubaki. Katavi tuna sababu ya kulitazama hili kwa makini. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa wasichana 45 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 mkoani kwetu walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Nyonga ambayo haijakomaa, pamoja na safari ndefu hadi kwenye chumba cha upasuaji, ndiyo hatari yenyewe.

Wako pia wanaobanwa na mkojo ghafla hata wasifike chooni. Hao husaidiwa zaidi kwa dawa na kwa kukizoeza kibofu. Upasuaji tunaoueleza hapa hauwahusu. Ndiyo maana lazima vipimo vitangulie. Mkojo utapimwa kama una maambukizi, na sukari itaangaliwa. Daktari atamtaka mama aje kibofu kikiwa kimejaa, kisha atamwambia akohoe huku yeye akitazama kama mkojo unatoka. Ni kipimo cha dakika chache. Mama ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo.

Mazoezi kwanza

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya nyonga, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Hesabu polepole hadi tano, legeza, pumzika, rudia. Fanya mara nane au zaidi, asubuhi, mchana na jioni. Usibane pumzi wala usikaze tumbo na makalio. Fanya kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya kusema hayafai, maana wengi huacha wiki ya pili. Kikohozi nacho kitibiwe. Kikizidi wiki mbili, kapime kifua kikuu.

Upasuaji

Mazoezi yasipotosha, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake anaweza kupendekeza upasuaji. Njia moja ni kuchukua utepe wa utando mgumu wa ukuta wa tumbo la mama mwenyewe na kuupitisha chini ya njia ya mkojo, ili uishikilie anapokohoa, kama mkanda wa mbeleko unavyomshika mtoto. Njia nyingine ni kuinua nyama zilizo pembeni ya shingo ya kibofu na kuzishona kwenye kano zilizo nyuma ya mfupa wa kinena. Mama hupewa ganzi ya mgongoni au dawa ya usingizi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, kwa wanawake 655, ulilinganisha njia hizo mbili. Baada ya miaka miwili, uvujaji wa kukohoa ulikuwa umepona kwa wanawake 66 kati ya 100 waliowekewa utepe, na 49 kati ya 100 walioshonewa. Lakini waliowekewa utepe walipata zaidi maambukizi ya mkojo na shida ya kukojoa. Ipo pia njia ya wavu wa plastiki. Uingereza iliusimamisha mwaka 2018 baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu. Ukiambiwa utawekewa wavu, uliza maswali yako yote kabla ya kutia sahihi.

Kama bado unataka kuzaa, ni busara kusubiri, kwa kuwa mimba na uzazi vinaweza kuharibu kazi iliyofanyika.

Nyumbani baada ya upasuaji

Hapa baba na watoto wakubwa wanahusika. Mama anaweza kurudi akiwa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa. Kwa takriban wiki sita asibebe mzigo mzito, na tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari aruhusu. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20: alichote mtu mwingine. Kuni vilevile. Tumeweka hili wazi kwa sababu mshono mzuri unaweza kuharibiwa na wiki moja ya kazi za kisimani. Akipata homa, damu nyingi, au akashindwa kabisa kukojoa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya, useme bila kuzunguka: "Mkojo unanitoka nikikohoa," au "Unatoka muda wote." Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, Mpanda. Ikibidi, watakupeleka kwenye hospitali ya kanda, kama Mbeya au Bugando, Mwanza. Kwa fistula, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu kwa wasioweza kujilipia safari. Mama aliyezibwa fistula na bado anavuja akikohoa arudi kwa daktari. Hali hiyo hutokea, na ina tiba yake.

Na aliyewahi kutibiwa fistula au kufanyiwa upasuaji huu, akipata mimba, amwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza na ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji.