Darasa la Mita 7.5 kwa 6: Hesabu za Kujenga Shule Kitengela

Sensa ya 2019 ilikuta watu 154,436 Kitengela. Palipokuwa malisho kando ya barabara ya Namanga sasa pana ploti za futi 50 kwa 100, mawe ya ndarugo na mabati mapya, na kila shule inapopangwa swali la kwanza huwa ni lile lile: itagharimu pesa ngapi? Ni swali halali ila huulizwa mapema mno, wakati hakuna aliyeshika futi kamba. Yafuatayo ni maswali ambayo bodi ya shule, wazazi wa harambee au wanafunzi wenye mradi wa hisabati wanaweza kuuliza, pamoja na majibu yanayolingana na mazingira ya Kajiado.

Hesabu ianzie wapi, kwenye kiwanja au kwenye mfuko?

Ianzie kwenye dawati. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, yaani mita 45 za mraba, lisilozidi wanafunzi 40 kwenye madawati ya watu wawili wawili. Tuchukue dawati lenye urefu wa mita 1.2. Manne yakipangwa sambamba yanakula mita 4.8 kati ya zile 6, na zinabaki njia tatu za sentimita 40. Safu tano, kila moja ikipewa sentimita 90 pamoja na nafasi ya kukaa, zinachukua mita 4.5. Mwalimu na ubao wanabakiwa na mita 3.

Sasa waingize watoto 60. Madawati 30 yanahitaji safu nane, nazo ni mita 7.2. Mwalimu amebakiwa na sentimita 30, urefu wa rula ya shule.

Madarasa matatu yajengwe mbalimbali au yaunganishwe?

Yaunganishwe, lakini si kwa upande wowote tu. Darasa moja lina mzingo wa mita 27, kwa hiyo matatu yaliyosimama peke yake yanahitaji mita 81 za ukuta. Yakishikana kwa kuta fupi za mita 6 zinabaki mita 69. Yakishikana kwa kuta ndefu zinabaki 66 tu, na hapo mkadiriaji mwenye haraka atashangilia zile mita 3 alizookoa.

Asishangilie. Ubao kwa kawaida hukaa kwenye ukuta mfupi. Ukifunga kuta ndefu, darasa la katikati litapata madirisha mbele na nyuma pekee, na mtoto atasoma ubao huku mwanga ukimpiga usoni siku nzima. Ukiunganisha kwa kuta fupi, mwanga unaingia ubavuni kutoka pande zote mbili. Kitengela iko karibu nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo safu ikilala mashariki kwa magharibi, madirisha hutazama kaskazini na kusini, na jua la saa tatu asubuhi au la saa kumi alasiri hugonga ukuta mtupu wa mwisho. Mita 3 za ukuta ni bei ndogo kwa hilo.

Mbona ua wa boma la Wamaasai ni duara, na shule haiwi?

Duara ndilo umbo linalozingira eneo kubwa zaidi kwa ua mfupi zaidi, na anayekata miiba ya kuzuia simba anaona faida yake haraka. Ukuta wa mita 27 ukikunjwa kuwa duara unafunga mita 58 za mraba badala ya 45. Ni eneo la bure, mtu angesema. Lakini jiwe la ndarugo limenyooka, bati limenyooka na dawati limenyooka. Faida yote hiyo inaweza kuishia kwenye vipande vya mabati yaliyokatwa na kutupwa.

Udongo mweusi unaongeza gharama kiasi gani?

Hapa ndipo bajeti nyingi hupasuka, na kuta pia. Udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kitengela huvimba ukilowa na kufanya nyufa ukikauka. Lazima uchimbwe utolewe. Chini ya jengo la mita 8 kwa 6.5 kwa vipimo vya nje, kina cha mita moja ni mita 52 za ujazo. Ukishachimbwa unalegea na kuongezeka kwa karibu theluthi moja, unafika kama 69: safari saba za lori la mita 10. Kisha murramu ije ijaze shimo na ishindiliwe. Hizo zote ni pesa zilizolipwa kabla jiwe la kwanza halijaonekana juu ya ardhi, na mchangishaji wa harambee hana cha kuwaonyesha watu ila shimo. Apige picha ya shimo hilo.

Mawe na saruji hukadiriwaje?

Kuta za mita 27 zikipanda mita 3 ni mita 81 za mraba. Ukitoa mlango mmoja na madirisha manne unabaki na kama 71. Mawe huuzwa kwa futi, na futi moja ya jiwe la inchi 9 inafunika takriban mita 0.07 za mraba. Hesabu inakuja kama futi 1,000. Chokaa ya saruji inapunguza kidogo, mawe yanayovunjika yanarudisha.

Sakafu inataka jicho kali zaidi. Zege la sentimita 15 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 linakula takriban mifuko 43 ya saruji. La sentimita 10 linakula 29. Mfuko ukiwa, tuseme, Sh 750, tofauti ni Sh 10,500, na ikishasawazishwa hakuna anayeiona. Apimaye apime kabla zege halijamwagwa.

Serikali hujenga darasa kwa kiasi gani?

Madarasa ya mtaala wa umilisi yaliyojengwa kuanzia mwishoni mwa 2021 yalikadiriwa kwa takriban Sh 800,000 kila moja. Kwa mita 45 za mraba hiyo ni kama Sh 17,800 kwa mita. Kwa watoto 40 ni Sh 20,000 kwa kila mmoja. Wakiwa 60, gharama inashuka hadi Sh 13,300 na ripoti inapendeza. Jedwali halisemi kwamba tofauti hiyo inalipwa na mwalimu aliyebakiwa na sentimita 30.

Ploti ni ndogo. Kwa nini tusipandishe ghorofa?

Inawezekana, kwa mhandisi na kibali. Tarehe 23 Septemba 2019, jengo la shule ya Precious Talent, Dagoretti, liliporomoka na kuua wanafunzi wanane. Watu hudhani uzito wa ghorofa ni watoto. Watoto 40 wa kilo 35 ni tani 1.4, sakafu ya zege wanayoikanyaga, ya sentimita 15, ni zaidi ya tani 16.

Na vyoo?

Kiwango cha Kenya ni tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 30. Wasichana 120 wanatoa 4.8. Kwenye daftari 4.8 ni jibu. Uwanjani ni matundu matano.

Paa linaweza kulipia maji?

Kwa sehemu kubwa. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 500 kwa mwaka na upotevu wa moja ya tano linatoa lita 24,000. Watoto 40 wakitumia lita 3 kila siku, hayo ni maji ya siku 200. Laikipia, shule ya Uaso Nyiro ilijengewa mwaka 2012 jengo la Waterbank ambalo madarasa yake yanazunguka hifadhi ya maji ya paa.

Kajiado mvua huja Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba kuna kama siku 70 za masomo, ambazo ni lita 8,400. Tangi la lita 10,000 linatosha darasa moja, mradi mifereji ya paa ifungwe kabla ya Machi.