Deni Linalokanwa

Wasomaji wetu wenye maduka wanajua vema kwamba kumdai mtu anayelikiri deni ni kazi, na kumdai anayelikana ni kazi nyingine kabisa. Kwa wa kwanza yahitajika subira. Kwa wa pili, ushahidi. Wengi huzichanganya kazi hizi mbili, wakamfokea mteja mbele ya watu kana kwamba sauti kubwa ni hati.

Tutwae mfano wa Mbebe, katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Mwenye duka ametoa mifuko 10 ya mbolea mwezi wa Desemba, kwa ahadi ya kulipwa mahindi yakisha kuuzwa. Agosti yapita, fedha haijaja. Aendapo kuuliza, mkulima amjibu: “Ndugu yangu, sidaiwi hivyo.” Hapo twamsihi mdai atulie na kuuliza: Hivyo, ni vipi? Huenda mkulima asema hakuchukua kitu. Huenda asema alichukua mifuko 6, si 10. Huenda aikubali mifuko yote na kubisha bei. Au asema alikwisha kumlipa kijana aliyekuwa akiuza dukani; na neno hili mwenye duka asilitupe kwa hasira kabla hajamhoji kijana huyo.

Swali hilo si la adabu tu. Kwa kanuni za ushahidi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1964, mdai ndiye apaswaye kuthibitisha deni lililokanwa. Lakini asemaye kwamba alilipa, yeye athibitishe malipo. Basi jibu la mteja ndilo litakaloonyesha ni nani aliye na mzigo.

Na daftari la duka je? Wengi hulitegemea kupita kiasi. Limeandikwa na mkono wa mdai mwenyewe, naye mteja pengine hajapata kuliona. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, inayofuatwa katika mahakama za juu, yasema kwamba maandiko ya daftari la hesabu hayatoshi peke yake kumtwika mtu deni. Nasi hatuoni sababu ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kuyapima kwa mizani nyingine. Sahihi ya mteja au alama ya dole gumba kando ya mstari, shahidi aliyeona mifuko ikipakiwa, ujumbe wa simu ambamo mteja aliomba kuongezewa siku: hivyo ndivyo vyenye uzito.

Mteja akikubali mifuko 6, mdai aipokee fedha ya mifuko 6 na kuandika stakabadhi yenye maneno “sehemu ya deni”. Wabaki wakibishania mifuko 4 tu. Tena malipo hayo yana faida nyingine. Sheria ya mwaka 1971 yampa mdai wa deni la mapatano miaka 6 ya kufungua daawa, na malipo ya sehemu huianzisha hesabu hiyo upya.

Kumtwalia mteja baiskeli au mbuzi ili alipe ni hatari. Mdai aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Wala polisi si wakusanyaji wa madeni. Kuchelewa kulipa mkopo wa duka ni jambo la madai, si jinai.

Wakishindwa kuafikiana, waite wazee wanaoheshimiwa na wote wawili, na mapatano yaandikwe nakala mbili. Yasipopatikana, iko Mahakama ya Mwanzo, ambayo tangu mwaka 2016 yaweza kusikiliza madai ya deni la mapatano yasiyozidi shilingi milioni 30. Husikiliza kwa Kiswahili, na mwenye duka aweza kujieleza mwenyewe. Akishinda, asishangae hakimu akiamuru fedha ilipwe kwa mafungu. Mkulima ambaye ghala lake ni tupu hawezi kulipa yote kabla ya mavuno mengine.