Jumanne: Kuvuka Mto Juu ya Barafu

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Kwa nini Mungu alimuuliza Eliya swali lile lile mara mbili?

Desemba 1856, James na Ellen White walisafiri kutoka Illinois hadi Waukon, Iowa, katika gari la wazi la kuteleza juu ya theluji, likivutwa na farasi. Walivuka mto Mississippi juu ya barafu iliyolainishwa na mvua, maji yakifika futi moja hivi juu yake. Kisha baridi ikazidi. Waliangaliana nyuso, na palipoanza kuganda wakapasugua. Yote hayo kwa ajili ya waumini waliopoa! Mmoja wao, J. N. Loughborough, alikuwa ameacha kuhubiri kwa kukosa riziki, akashika useremala. Ellen alimuuliza swali la Eliya, mara tatu. Akarudi kuhubiri.

Je, yupo aliyeacha kuja kanisani kwenu kwa sababu ya shida? Mmemwendea, au mnamngojea?