Timu Ambazo Hazipo

Leo tunajifunza juu ya mpira, lakini si mpira wa uwanjani. Yanga ipo, tena tangu mwaka 1935. Simba ipo. Huko Kenya Gor Mahia ipo. Ukitaka kuziona timu hizo unapanda basi, unalipa kiingilio, unaziona. Lakini ziko timu nyingine zina jezi, zina kocha, zina wapenzi wanaokosa usingizi zikifungwa, na ukiuliza uwanja wao uko wapi hakuna atakayekupeleka. Hazipo. Zimebuniwa.

Kubuni ni kutunga kitu kichwani. Bibi anayesimulia habari za Sungura na Fisi anabuni. Hasemi uwongo, kwa sababu anayesikiliza anajua kwamba ile ni hadithi. Shida inaanza pale ambapo msikilizaji hajui. Kwa hiyo tuzitazame timu mbili zilizobuniwa, moja ya Uingereza na moja ya Kenya, tuone zilitengenezwaje, na zilitengenezwa kwa faida ya nani.

Timu ya jezi za zambarau

Mwaka 1997 kituo cha televisheni cha Sky One huko Uingereza kilianza kuonyesha mchezo wa kuigiza ulioitwa Dream Team, yaani Timu ya Ndoto. Klabu iliyomo katika mchezo huo iliitwa Harchester United. Jezi zao zilikuwa za rangi ya zambarau, na wapenzi wao waliiita timu kwa jina la joka. Mji wa Harchester hauko katika ramani yo yote. Hata hivyo mchezo ulikwenda miaka kumi, mpaka 2007, na sehemu zake zilipita 400. Hebu fikiri: mtoto aliyezaliwa mwaka ule mchezo ulipoanza, ulipokwisha alikwisha jifunza kusoma na kuandika.

Sasa, klabu ambayo haipo inachezaje na klabu zilizopo? Maana katika mchezo ule Harchester walipambana hata na Manchester United. Hapo ndipo penye ufundi. Watengenezaji walichukua picha za mechi za kweli, zile zinazopigwa kutoka mbali ambapo sura ya mchezaji haionekani vizuri. Wakabadili rangi ya jezi za timu moja zikawa zambarau. Kisha wakawapiga picha waigizaji wao kwa karibu: huyu anapiga kichwa, yule anashangilia, kocha anatupa mikono juu. Wakaunganisha vipande hivyo. Mtazamaji akaona mechi moja, kumbe ni mbili zimeshonwa pamoja kama viraka vya shuka. Kwa miaka kadhaa picha nyingine zilipigwa katika uwanja wa klabu ya Millwall, London, ambayo ipo kweli. Tena watangazaji wa mpira wa kweli, wale ambao watu walizoea kuwasikia kila wiki, walitangaza mechi za Harchester kwa sauti ile ile. Ukisikia sauti unayoiamini, unaamini na maneno yake.

Walizipata wapi picha hizo za mechi? Ligi kuu mpya ya Uingereza ilianza 1992, na kampuni ya Sky ndiyo iliyonunua haki ya kuonyesha mechi zake moja kwa moja. Sky ni televisheni ya kulipia. Usipolipa, huoni. Tunavyoona sisi, mchezo kama huu uliwasaidia wenye kampuni kumshika mteja siku ambazo hakuna mechi. Ndiyo maana kila sehemu iliishia pale roho inapokuwa juu, kama bibi anavyosema moto ukizimika, "Kesho tutaendelea." Na ili watu warudi kesho, visa vilizidi kuongezwa. Risasi zikapigwa, basi la timu likapata ajali, wachezaji na viongozi wakafa. Misiba iliyoipata klabu ile moja haijaipata klabu yo yote tunayoijua. Mpira wenyewe ukawa kama chumvi tu, mboga ikawa ni visa.

Hatusemi ni vibaya. Mtu aliyechoka ana haki ya kuburudika. Tunasema tu kwamba mwenye duka alijua anauza nini.

Timu ya Imani

Sasa twende Kenya, na huku hatuburudiki.

Tarehe 27 Desemba 2007 wananchi wa Kenya walipiga kura. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, upande mmoja uliyakataa, na fujo ikazuka. Ikageuka kuwa ugomvi wa makabila. Watu waliokuwa wakiazimana jembe na kuzikana walichomeana nyumba. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani waliteketezwa humo humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza mambo hayo ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 na Mwai Kibaki na Raila Odinga, msuluhishi akiwa Kofi Annan.

Tume hiyo ilisema pia kwamba baadhi ya vituo vya redio vya lugha za makabila vilichangia kueneza chuki. Hapa tukae kidogo. Redio ni ile ile inayotangaza bei ya mahindi na vifo vya wazee. Msikilizaji wa kijijini ameizoea, anaiamini. Ikimwambia kwamba jirani yake ni adui, ataenda kumwuliza nani kama ni kweli? Jirani mwenyewe?

Mwaka 2009 televisheni ya Citizen ya Kenya ilianza kuonyesha mchezo ulioitwa The Team, yaani Timu. Klabu ya kubuni iliyomo inaitwa Imani FC. Wachezaji wake wametoka makabila mbalimbali, na kila mmoja amekuja na hofu na dharau alizofundishwa kwao. Wasipopeana pasi, hawafungi bao. Mchezo ulitengenezwa na Search for Common Ground, shirika la kutafuta mapatano lililoanzishwa Marekani mwaka 1982, likishirikiana na Media Focus on Africa la Nairobi. Gharama zililipwa kwa fedha za misaada, zikiwemo za serikali ya Marekani na ya Uingereza. Hilo nalo msomaji alijue. Tumeuliza nani alilipia Harchester, lazima tuulize nani alilipia Imani. Baadaye michezo ya namna hiyo ilitengenezwa katika nchi nyingine pia, kama Moroko, Ivory Coast na Kongo.

Kwa nini walichagua mpira? Sisi tunaona sababu ni hii. Kijijini, mtu akikataa kununua chumvi katika duka lako kwa sababu ya kabila lako, nani atajua? Atasema hana fedha leo. Akikataa kumwoza kwenu mwanawe, atasema binti bado mdogo. Lakini uwanjani namba saba akimwona namba tisa yuko peke yake mbele ya goli, asimpe mpira, uwanja mzima unaona. Hakuna pa kujificha. Mpira unalitoa hadharani jambo ambalo watu wamelificha, na wote wanalipiga kelele kwa pamoja: "Mpe, mpe!" Hata yule ambaye jana yeye mwenyewe hakutoa.

Si kila mtu Kenya ana televisheni. Kwa hiyo mchezo ulipelekwa vijijini, hasa Bonde la Ufa ambako watu waliumizana sana. Wazee wetu wanakumbuka gari la sinema lililokuwa likipita zamani, shuka nyeupe inatandazwa, watoto wanakaa mbele. Mambo yalikuwa ya namna hiyo, ila kuna tofauti moja kubwa. Picha zikiisha, watu hawakuondoka. Walikaa, mtu mmoja akaongoza mazungumzo, wakajadili walichokiona. Aliyechomewa nyumba alikaa mkutano mmoja na kijana ambaye pengine alibeba kiberiti. Ni vigumu kuanza na kusema, "Wewe ulinichomea." Ni rahisi zaidi kuanza na kusema, "Yule mchezaji wa Imani amefanya vibaya."

Je, inasaidia?

Mtu anaweza kusema: mchezo ni mchezo tu, hauwezi kumbadili mtu. Swali zuri. Wasomaji wa umri wetu wanamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori katika mchezo wa Redio Tanzania wa Twende na Wakati, ulioanza 1993. Mkwaju hakuwapo, lakini mahali pengi mwanamume mhuni aliitwa Mkwaju. Jina lake likawa funzo.

Rwanda walipima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 2004 ilianza redioni hadithi iitwayo Musekeweya, juu ya vijiji viwili vya kubuni vinavyogombana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alichukua vikundi vya wanavijiji. Baadhi walisikiliza Musekeweya kwa mwaka mmoja, wengine wakasikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Mwisho kila kikundi kikapewa zawadi ya redio ya kaseti na betri zake, watumie wote. Vikundi vya afya mara nyingi viliamua upesi: apewe kiongozi, atunze. Katika vikundi vya Musekeweya watu walibishana. Mmoja alipotaja kiongozi, mwingine alisimama akasema, hapana, sisi wenyewe tunaweza kuitunza kwa zamu. Ukiwauliza imani zao za moyoni, tofauti ilikuwa ndogo. Kilichobadilika ni ujasiri wa kusema mbele ya wenzao, na yale waliyodhani wenzao watayakubali.

Kwa hiyo tusidai mno. Imani FC haikumrudishia mtu shamba lake. Baadhi ya waliofukuzwa walikaa katika mahema kwa miaka kadhaa, na hema halipungui baridi kwa sababu Imani wamefunga bao. Mambo ya ardhi na haki yanataka sheria na serikali. Tena mchezo ukizidi mafundisho unachosha. Mtazamaji si mtoto. Akigundua anahubiriwa kila dakika, atakwenda kulala. Waingereza wa Harchester walilijua hili kuliko watu wengi wa misaada, na sisi walimu pia tungejifunza kwao.

Siku hizi picha zinatufikia hata katika simu, na si zote zinaanza kwa kusema "hii ni hadithi". Mtu anaweza kushona mechi mbili zikawa moja. Anaweza vile vile kushona fujo ya nchi nyingine ikawa ya wilaya yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mechi za Harchester United zilivyotengenezwa.

2. Je, bibi anayesimulia hadithi na mtu anayeeneza picha ya uwongo wanatofautiana wapi?

3. Nani alilipia mchezo wa Harchester, na nani alilipia wa Imani? Kila mmoja alitaka mtazamaji afanye nini?

4. Kama kikundi chenu kingepewa redio moja, mngeiweka kwa nani? Andikeni uamuzi wenu, na majina ya waliopinga.

5. Tungeni mchezo mfupi juu ya timu ya kijiji chetu ambayo haipo. Namba saba anamnyima mpira namba tisa. Kwa nini?