SOMO LA WAZAZI: DAWA YA MENO NA MTOTO MDOGO

Juma lililopita, baada ya ibada, tulimkuta mtoto wa miaka mitatu nyuma ya nyumba akifyonza tyubu ya dawa ya meno kama peremende. Nyumba ni yetu na mtoto ni wetu, basi somo hili tunaanza kujifundisha sisi wenyewe.

Dawa nyingi za meno zina madini yaitwayo floridi. Yakiligusa jino kwa nje huliimarisha lisioze upesi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo anayesema, "Ni sumu, tutumie mkaa tu," anamnyima mtoto kinga.

Lakini mtoto akiimeza nyingi kila siku, floridi hufika kwenye meno ya ukubwani, ambayo huendelea kuundwa ndani ya ufizi mpaka miaka minane hivi. Meno hayo hutoka na madoa meupe, na hali ikizidi, ya kahawia. Sisi tuliotoka Kivu tumeyaona. Kandokando ya Nyiragongo, kama kule Arumeru, Tanzania, maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita kiasi kwa sababu ya mawe ya volkano. Si uchafu wala si laana, na tuache kuwacheka ndugu zetu.

Basi yote ni kipimo. Tangu jino la kwanza hadi miaka mitatu, dawa iwe kama punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Matangazo yenye mswaki uliojazwa dawa mwanzo hadi mwisho yanataka tyubu iishe haraka! Mzazi ndiye anayepaka dawa na kupiga mswaki, asubuhi na kabla ya kulala. Mtoto ateme, wala asisukutue kwa maji mengi. Asiyejua kutema, mfute kwa kitambaa safi. Na kila mtoto awe na mswaki wake.

Akimeza nyingi kwa mara moja, usimtapishe. Mpe maziwa, mpeleke kituo cha afya cha Busiu, na tyubu uichukue waione. Ya kwetu sasa inaning'inia kwenye boriti.