SOMO: MBUZI NA KILIMA

Soma kwanza: Mithali 27:23-27



Sisi tuliotoka Rumonge tunakumbuka mvua za Aprili, mito ya Dama na Murembwe ikishuka myekundu mpaka ziwani. Wekundu ule ulikuwa udongo wa mashamba yetu. Tope lake hufunika mawe ya pwani ambako samaki wengi hula na kuzaa. Hivyo mkulima na mvuvi hupata hasara pamoja.

Wengi husema mbuzi ndio walioharibu kilima. Tuangalie vizuri. Mnyama anayezurura hula jani kabla halijapata nguvu, na kwato zake huchimba njia ya kushukia. Maji hufuata njia hiyo, mwishowe ikawa korongo. Kosa ni la ulishaji, si la mnyama.

Wenzetu wamefanya nini?

1. Burundi: Sheria ya Oktoba 2018 ilikataza mifugo kuzurura, ifugwe zizini. Majani hupandwa kwenye kingo za mitaro inayokatiza mteremko. Mizizi hushika udongo, majani hulisha mnyama, samadi hurudi shambani.

2. Shinyanga, Tanzania: Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulisaidia kuzifufua, na miti ikarudi.

3. Kondoa, Tanzania: Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka. Nyasi zikarudi, lakini maziwa na samadi vikakosekana. Kuanzia 1989 ng'ombe wa maziwa waliletwa, wakilishwa zizini.

Na sisi je? Hapa makazini mbuzi mmoja akila mihogo ya jirani, nyumba mbili zinaacha kusalimiana. Basi tufunge mbuzi. Tupande mistari ya mabingobingo kukatiza mteremko, wala si kuufuata. Tukate majani bila kung'oa mashina, na tusikate mistari yote kwa siku moja.

Wengine watasema, "Ardhi si yetu, ya nini kuhangaika?" Ndugu, kitu cha kuazima hurudishwa kikiwa kizima. Na siku ya kurudi nyumbani shamba hili halitabebeka, ila ujuzi utakwenda nasi.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Maji ya mvua hupita wapi shambani kwetu?
- Samadi yetu inakwenda wapi?
- Je, kuna jirani tunayepaswa kumwomba radhi kwa ajili ya mbuzi wetu?